Intaneti chomboni: mwongozo kamili kwa anayeishi majini Lamu

Chombo kikitia nanga mbele ya Shela, simu hushika mtandao bila taabu. Kikisogea nyuma ya mikoko ya Mkanda, au kikizunguka Manda kuelekea Pate na Kiwayu, simu inabaki na kijiti kimoja, ujumbe unazunguka tu, na mgeni wa chomboni anaanza kuuliza nenosiri la Wi-Fi kana kwamba ndilo lenye kosa. Hapo wengi hukimbilia dishi la setilaiti. Dishi lina nafasi yake na tutalifikia, lakini pesa ya kwanza iende kwenye kimo cha antena, ya pili kwenye waya, ya tatu kwenye umeme. Kifaa cha bei kubwa kilichofungwa chini, kwa waya mwembamba, kwenye betri iliyochoka, hakitakupa zaidi ya simu iliyo mfukoni mwako.

Maelezo haya yanafaa yoti na pia jahazi la kulaza wageni, mradi lina betri za volti 12.

Pima kabla ya kununua

Achana na vijiti. Kila kampuni ya simu huvichora ipendavyo. Kwenye Android weka programu ya kusoma mawimbi, kwa mfano CellMapper. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Tafuta namba mbili.

Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwenye −85 uko vizuri. Kwenye −100 WhatsApp na barua pepe zinapita, simu ya video inakatika-katika. Chini ya −110 ni mateso. Ya pili ni SINR, usafi wa mawimbi hayo. Zaidi ya 13 ni nzuri, chini ya 0 unasikiliza makelele. Hii ya pili husahaulika, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini jioni mjini Lamu mtandao unaburuta ilhali vijiti vimejaa.

Pima kila mahali unapotia nanga mara kwa mara, kwa laini ya Safaricom na ya Airtel, ukiwa ndani, juu ya sitaha, kisha juu kadiri unavyoweza kupanda. Andika pia hali ya maji. Bamvua la Lamu hupandisha na kushusha maji karibu mita 3, na wewe unashuka nayo huku mikoko ikibaki palepale. Nanga iliyokuwa na mtandao maji yamejaa inaweza kuwa bubu maji yakipwa, na si mnara uliozimwa.

Angalia vilevile bendi, yaani fungu la masafa ambalo mnara unatumia. Masafa ya chini, 700 na 800 MHz, huenda mbali na hupenya mikoko vizuri zaidi. Ya 1800 na kuendelea hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Namba ya bendi utakayoiandika sasa itakufaa wakati wa kuipanga ruta.

Kimo na waya

Hesabu ya upeo wa mawimbi ni rahisi. Chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Fanya hivyo kwa mnara, kisha kwa antena yako, ujumlishe. Mnara wa mita 40 unakupa kilomita 26. Simu iliyo mita 1.5 juu ya maji inaongeza 5, jumla 31. Antena iliyo mita 9 inaongeza zaidi ya 12, jumla 38.

Kilomita 7 si haba, ila faida kubwa iko ndani ya upeo wenyewe. Mawimbi yanayodunda juu ya maji hufika pamoja na yale ya moja kwa moja na kuyavuruga, na ukiwa mbali na mnara kila unapozidisha kimo mara mbili unapata takriban desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Hakuna antena ya dukani itakayokupa hivyo kwa bei hiyo.

Kabla hujatoboa kitu chochote, jaribu kwa henza, kamba ya kupandishia tanga. Washa hotspoti kwenye simu ya zamani yenye laini ya data, iunganishe na pawabenki, vitie vyote kwenye mfuko usioingiza maji, ufunike kwa kitambaa cheupe, uvute hadi mita 6 au 8. Funga kamba ya pili chini ya mfuko, usije ukapepesuka na kugonga mlingoti. Kitambaa usikiache: simu iliyofungiwa plastiki kwenye jua la saa saba hupata joto na kujizima kabla hujamaliza chai. Wenye matumizi madogo hubaki na njia hii mwaka mzima, na hatuoni sababu ya kuwacheka.

Anayetaka kitu cha kudumu ana njia mbili.

Ya kwanza ni antena juu na ruta chini, zikiunganishwa kwa waya wa antena. Tatizo ni kwamba waya hunywa mawimbi. Kwenye masafa ya 1800 MHz, mita 10 za waya wa LMR-400, ulio mnene karibu kama kidole kidogo, hupoteza desibeli 2 hivi. Mita 10 za LMR-195, mwembamba, hupoteza 5 na ushee. RG-58 ya redio za zamani ni mbaya zaidi. Ukipandisha antena ukapata desibeli 6 kisha ukashuka na waya mwembamba, umefanya kazi ya bure. Tena 4G hutumia antena mbili kwa pamoja, kwa hiyo nyaya ni mbili, na antena ziachane angalau sentimita 40.

Ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, ni kupandisha ruta yenyewe: ruta ya nje yenye antena ndani yake, inayolindwa na maji kwa kiwango cha IP65 au zaidi, na inayopokea umeme kupitia waya wa mtandao. Waya huo unaweza kufika mita 100 bila kupunguza mawimbi, kwa kuwa kinachoshuka ndani yake ni data tayari. Fuata hivi:

1. Chagua mahali. Kwenye yoti ni mkono wa mlingoti au nguzo ya nyuma. Kwenye jahazi usiifunge mlingotini: foromali, boriti inayobeba tanga, hupita pale tanga linapogeuzwa, na itaing'oa siku ya kwanza. Simamisha nguzo ya mita 3 au 4 kwenye shetri, nyuma ya chombo, upande ambao demani, kamba ya kuongozea tanga, haifagii.

2. Nunua waya wa Cat5e au Cat6 wa nje, wenye shaba tupu. Ule wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Umeandikwa CCA kwa maandishi madogo. Chumvi huula kuanzia kwenye plagi, na volti hushuka njiani.

3. Soma ruta inataka umeme gani. Nyingine hupokea volti 24 moja kwa moja, nyingine hufuata kiwango cha 802.3af chenye volti 48. Kupeleka 48 kwa bidhaa ya 24 ni kuichoma. Nunua injekta, kisanduku cha kutia umeme kwenye waya wa mtandao, inayoingiza volti 12 na kutoa ile inayotakiwa.

4. Plagi ya juu ivae kifuniko chake cha mpira. Kisha zungushia utepe wa mpira unaojishika, ukiuvuta mpaka upana ubaki nusu, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie uliotangulia, kama makuti ya paa. Ukianza juu kwenda chini umetengeneza mfereji.

5. Acha waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujaingia ndani, matone yadondokee hapo.

Usivutwe na antena yenye namba kubwa ya dBi, kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja. Antena ya mviringo ya 9 dBi hubana mawimbi kuwa bapa kama sahani, na chombo kikilala upande sahani inatazama mawingu na maji. Kwa chombo, 4 au 5 zinatosha. Antena ya kuelekezwa mnarani ndiyo isiyofaa kabisa nangani: maji yakigeuka, kila saa sita hivi, chombo kinageuka nayo. Mashine za kukuza mawimbi ya simu nazo ziache. Zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na chomboni antena yake ya nje na ya ndani huwa karibu mno, mashine inaanza kujisikia yenyewe na kupiga kelele kwenye mtandao wa kila mtu.

Laini na kupanga ruta

Laini mbili za kampuni tofauti, kila moja imesajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti. Laini yenye M-Pesa usiitie kwenye ruta. Ibaki kwenye simu. Ya ruta iwe ya data peke yake. Bando utalinunua kwa *544# laini ikiwa kwenye simu kabla ya kuihamishia ruta, au kwa programu ya kampuni baadaye. Laini ikikataa kutoa data, kagua APN, yaani jina la lango la data la kampuni: ya Safaricom ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nenosiri data.

Ruta inayofaa ina nafasi ya laini mbili, na kama inalishwa moja kwa moja na betri, inakubali volti 9 hadi 30. Teltonika na MikroTik zinazo za aina hiyo. Ya volti 12 kamili haifai, kwa sababu betri ikichajiwa hufika 14.4.

Katika mipangilio, weka foleni ya njia: kwanza Wi-Fi ya nchi kavu kama mwenye mkahawa wa Shela amekuruhusu, kisha laini ya kwanza, ya pili, na dishi mwisho. Anayefanya kazi za ofisi chomboni aweke dishi mbele. Jambo la msingi ni jinsi ruta inavyojua kuwa njia imekufa. Usiiache itazame mawimbi tu. Bando likiisha mawimbi bado yapo, na ruta itakaa hapo imeridhika. Iamuru ipige anwani za mtandaoni 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kila sekunde 10, na zote mbili zikikosa mara 4 mfululizo ihame njia. Ukiweka anwani moja tu, siku hiyo moja itakapolala ruta yako itahangaika bila sababu.

Ukiwa mbali na mnara, ifungie bendi ya chini uliyoiandika wakati wa kupima. Ukirudi mjini ifungue, la sivyo utakuwa unashindania njia nyembamba na watu wote huku ile pana iko wazi.

Wageni wapewe Wi-Fi yao yenye kikomo, tuseme Mbps 2 kwa kila mtu. Simu ya sauti ya WhatsApp hula MB 30 hivi kwa saa; video ya kawaida nusu GB hadi GB 1; mkutano wa video wa picha safi hupita GB 1. Lakini mla-bando mkuu hana sauti: kompyuta ya Windows inayojipakulia maboresho, na simu inayopandisha picha za siku nzima. Kwenye Windows tia alama kuwa mtandao huo una kikomo. Kwenye simu zima upandishaji wa picha mpaka mfike mjini.

Dishi

Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kwa chombo kidogo cha Lamu chaguo letu ni Starlink Mini. Ina uzito wa kilo 1 na kidogo, hupokea volti 12 hadi 48 bila kupitia inveta, na hula wati 25 hadi 40. Dishi la kawaida hula 75 hadi 100.

Sehemu inayowashinda wengi ni waya wa umeme. Mini hudai volti 12 kama kima cha chini, nayo betri ya volti 12 usiku husoma 12.2 kabla hata umeme haujasafiri. Chukua waya wa milimita 1 za mraba, mita 10 kutoka betri hadi dishi. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba, ukinzani wa omu 0.35. Dishi likiwaka na kuvuta ampea 4, volti 1.4 zimepotea. Zinazobaki ni 10.8, dishi linazima, volti zinapanda, linawaka tena, linazima. Mwenye chombo huapa dishi ni bovu.

Tiba ni kipandisha-volti cha kutoka 12 hadi 24 au zaidi, chenye uwezo wa wati 100, kikae karibu na betri na si karibu na dishi. Kwenye volti 24 mkondo unabaki nusu, volti zinazopotea njiani zinakuwa nusu, na dishi lenyewe halijali kwa kuwa liko mbali na kima cha chini. Fyuzi ya ampea 10 ikae upande wa betri, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo yake, na waya uwe wa milimita 2.5 za mraba wenye shaba iliyopakwa bati. Plagi ya duara ya Mini ni milimita 5.5 kwa 2.1; iliyo karibu na kipimo hicho itaingia, itacheza, na itapata moto.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji hawalitaji. Washa redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, chaneli 16, fungua skwelchi, kitufe cha kunyamazisha mvumo, hadi uusikie, halafu washa kipandisha-volti. Mvumo ukibadilika au ukapata mluzi, kipandisha-volti hicho kinazima masikio ya redio yako ya dharura. Kirudishe dukani, au ukitie kwenye sanduku la chuma na pete za feraiti, za kumeza kelele za umeme, kwenye waya pande zote mbili.

Dishi linataka kuona anga pana. Lifunge nyuma kabisa, juu ya kichwa cha mtu. Mlingoti mwembamba hukata mawasiliano kwa sekunde chache tu, jambo ambalo msomaji wa habari halioni ila aliye kwenye mkutano analiona sana. Turubai kavu hupitisha mawimbi, lililolowa huyazuia. Usililaze juu ya sitaha nyeusi mchana. Limetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 50, na ubao wenye jua la Februari hauko mbali na hapo. Acha nafasi ya vidole viwili chini yake hewa ipite.

Kuhusu vifurushi: vile vya kusafiri vimekusudiwa nchi kavu na maji ya pwani. Bahari kuu hudai kifurushi cha bahari, na hugharimu zaidi. Anayevuka mpaka aangalie kwanza kama huduma imeruhusiwa nchi aendayo, kwa sababu dishi halijui urafiki wa majirani.

Hesabu ya umeme

Mini kwa saa 8 ni wati-saa 240, yaani ampea-saa 20 za volti 12. Ruta ya wati 6 usiku na mchana ni 144, ampea-saa 12. Kompyuta ya mkononi saa 5 ni 250, ampea-saa 21. Jumla ampea-saa 53, kabla ya taa, pampu na friji. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hutakiwi kuinyonya chini ya nusu, kwa hiyo siku moja ya mawingu imeimaliza. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa 80.

Paneli ya wati 100 chomboni, pamoja na vivuli vya kamba na mlingoti, hurudisha wati-saa 300 hadi 400 siku ya jua. Kwa hiyo intaneti peke yake inataka paneli mbili. Masika kata nusu ya hesabu hiyo. Kivuli cha kamba moja kwenye kona ya paneli huondoa sehemu kubwa kuliko ukubwa wake, basi zisogeze pale chombo kinapogeuka. Ukiacha dishi likiwaka saa 24, limekula ampea-saa 60 lenyewe. Liwekee swichi yake mahali pa kufikika. Watu hawazimi kitu ambacho swichi yake iko nyuma ya magunia.

Minara ikiisha

Kati ya Malindi na Lamu ni takriban maili 75 za bahari, na ghuba ya Ungwana ina pwani ya chini, watu wachache. Ukikaa nje kukwepa mafungu, simu itanyamaza kwa saa kadhaa. Pakua ramani, jedwali la maji na utabiri kabla ya kupita Ras Ngomeni.

Asiye na dishi la bahari atumie kifaa cha Iridium, mtandao wa simu wa setilaiti. Kile kidogo cha GO! hupitisha data kwa kasi ya kbps 2.4, ambayo haifungui ukurasa wowote lakini inatosha barua pepe. Utabiri wa upepo huagizwa kwa barua pepe kwenda query@saildocs.com, ndani yake mstari mmoja:

send gfs:1S,6S,40E,46E|0.5,0.5|6,12..72|WIND

Maana yake: eneo kutoka latitudo 1 hadi 6 kusini na longitudo 40 hadi 46 mashariki, kila nusu digrii, kila saa 6 hadi saa 72, upepo peke yake. Faili likiwa la kB 30 litashuka kwa dakika mbili hivi. Ukiongeza mvua, mawimbi ya bahari na shinikizo la hewa, utalipia dakika nyingi kwa habari usizozitumia. Lifungue kwa programu ya GRIB, aina ya faili za utabiri, kama XyGrib.

Na redio ya VHF ibaki ikiwaka. Nahodha wa mashua iliyo maili mbili kutoka kwako hayuko kwenye WhatsApp yako.

Mtandao ukikatika

Fuata foleni, usibadilishe vitu vitatu kwa pamoja. Soma kwanza volti kwenye plagi ya kifaa, si kwenye betri, kifaa kikiwa kimewaka. Kisha bando. Kisha soma RSRP kwenye ruta na kuilinganisha na uliyoandika mwanzo: ikiwa imeshuka desibeli 10 au zaidi nangani palepale, fungua plagi za juu. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, kata sentimita 5, tia plagi mpya. Kupangusa hakusaidii, kutu imeshapanda ndani ya waya. Radi zikianza kusikika, chomoa waya wa mtandao unaotoka nguzoni kabla haujafika kwenye vifaa vya ndani.

Ikiwa RSRP ni ileile, SINR ni nzuri, bando lipo, na laini zote mbili zinaburuta, shida haiko chomboni. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukadorora sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, kwa kampuni nyingi. Siku kama hiyo usishushe nguzo wala kufungua plagi. Tuma ujumbe wa maandishi tu, na picha zisubiri.